Mgeni Aliyekataa Kusindikizwa

Stendi ya Bukoba siku ya Ijumaa, hata kukohoa unaomba nafasi. Makonda wanaita, akina mama wanabishania mikungu ya ndizi, na katikati yao Yuster, sare nyeupe, kitenge cha njano kiunoni, begi la dawa begani. Moyoni alikuwa anamtukana dereva wa gari la wagonjwa aliyeitwa haraka akaondoka bila yeye.

"Nesi, umempoteza mgonjwa?"

Aliyeuliza alikuwa ameegemea pikapu yenye matenga matupu ya samaki. Kijana mrefu, shati jekundu limenyooshwa kwa pasi, chini buti za mpira zenye magamba ya sangara.

"Mgonjwa nimemfikisha. Nilikuwa eskoti. Waliopotea ni wenzangu, wamerudi Muleba."

"Eskoti ndiyo nini?"

"Neno letu la kazini, la Kizungu. Unakwenda na mgonjwa, umemshikia dripu, mpaka nesi mwenzako ampokee kwa jina."

"Kumbe ni kusindikiza tu."

"Wee! Kusindikiza unafika njia panda, unapunga mkono, unarudi kula. Eskoti haina kuishia njiani."

Kijana akafungua mlango. "Basi panda, nikufanyie eskoti mpaka Muleba. Naitwa Mashimba, nanunua samaki visiwani."

"Gari lako linanuka."

"Na wewe unanuka spiriti. Tutazoeana."

Wakazoeana kweli. Miezi minane simu haikupoa. Kule kisiwani mtandao ulipatikana juu ya jiwe moja tu, na Mashimba akalipanda kila jioni kama anakwenda ibadani.

"Umekula, mpenzi?"

"Dagaa."

"Tena?"

"Nioe basi mpishi, mama, niokoke!"

Manesi wenzake walimjua Mashimba kwa mlio wa simu tu. Lilian, mdomo wa zahanati nzima, alishachagua na sare ya harusi.

Ndipo Jumapili moja, baada ya ibada, Mashimba akafika kijijini Nyanga kujitambulisha kwa baba yake Yuster, mzee Nathanieli Rugaibula. Nyumba ilijaa. Shangazi Paskazia peke yake ni sawa na watu kumi. Mgeni alikula ndizi, akatafuna akamwani, zile buni za kahawa za kukaribishia wageni, akaeleza shida yake bila kutetemeka. Mzee akasema, "Nimesikia," kisha akahamia kwenye ugonjwa wa migomba.

Mashimba alipoinuka kuaga, mzee naye alichukua kofia na fimbo.

"Kaa, mzee wangu, usijisumbue. Njia naijua!" Mashimba akasema kwa adabu zake zote, akarukia bodaboda iliyokuwa ikingoja mlangoni.

Yuster alitoka jikoni akakuta vumbi, na baba yake amesimama, kofia mkononi.

Jioni simu ikalia.

"Baba yako kanikataa, Yuster. Nimesema yote, yeye ananipa habari za migomba."

"Na wewe kwa nini umemkimbia? Anasema hukuja kuoa, ulikuja kula."

"Nimkimbie mimi? Nimemheshimu!"

"Kama heshima yenyewe ndiyo hiyo, kaa nayo."

Akakata. Wiki tatu hakuna aliyempigia mwenzake. Yuster alikuwa akichoma sindano, machozi yako karibu kuliko ya mgonjwa. Ijumaa Lilian akamletea habari: "Shemeji anahamia kisiwa cha mbali. Kesho mchana. Mpaka godoro anapakia."

Yuster akapanda gari kwenda Nyanga, akamlilia shangazi.

"Ninyi watoto!" Paskazia akapiga makofi. "Kaka yangu hajawahi kumjibu mgeni ndani ya nyumba, maana anatujua midomo yetu. Mume wa dada yako Agnetha aliambiwa ndiyo pale kibanja chetu cha migomba kinapoishia, wakiwa wawili tu. Jibu lake hulitoa akimsindikiza mtu."

"Sasa Mashimba angejibiwa nini?"

"Nitajuaje? Mgeni kakataa kusindikizwa!"

Yuster akamfuata baba yake shambani, akapiga magoti kati ya migomba.

"Tata, hakujua. Kwao kafundishwa mzee hasumbuliwi."

Mzee akakata majani makavu matatu kabla ya kujibu. "Anaondoka lini?"

"Kesho."

"Basi mgeni wangu bado ninaye."

Kesho yake, mwaloni Muleba, mitumbwi inapofikia, jua la mchana likiunguza dagaa mchangani, Mashimba alikuwa na godoro kichwani. Akamwona mzee ndani ya koti la kanisani, Yuster nyuma yake. Godoro likamponyoka, mabaharia wakaliokota wakalipakia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekuja kukusindikiza. Twende."

"Lakini mzee, mtumbwi ni huo hapo."

"Ndiyo maana tutazunguka. Yuster, wewe baki."

Akabaki na wanawake waliokuwa wakianika dagaa. Kwa mbali aliona fimbo ikichora mchangani, mkono wa mzee ukipanda na kushuka. Hasikii kitu. Mashimba alivua kofia, akaikunja, akaikunja tena. Mabaharia wakaita, "Mashimba, tunaondoka!" Aliwapungia waende. Wakaenda na godoro lake.

Wakarudi taratibu. Yuster hakungoja wafike.

"Kasema nini?"

"Mambo ya wanaume hayo."

Akamchapa kofi la bega. "Mashimba!"

"Basi, basi! Kasema nije na wazee wangu mwezi ujao. Ila kasema jibu lake si kitu kama wewe hujaulizwa." Akaikunjua kofia. "Yuster, utakubali nikuoe? Ukitaka twende pembeni unijibu..."

"Pembeni kufanya nini?" Yuster akageuka kwa wanawake wa dagaa, waliokuwa wameacha kazi zamani. "Mama zangu, mmesikia nilichoulizwa?"

"Tumesikia!"

"Basi sikieni na jibu. Ndiyo!"

Vigelegele vikawatimua ndege ufukweni. Mzee Nathanieli akawapa mgongo, akatazama ziwa kama mtu anayetafuta godoro, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.