Shimo la Ndizi la Mzee Protasi

Siku ya Jumatatu, tarehe 7 Agosti mwaka 1995, Agripina alichukua dumu lake na ngata ya majani makavu ya mgomba, akateremka chemchemini kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba na kiranja mkuu katika shule ya msingi ya kijiji cha Kabugota, wilayani Ngara. Kiangazi kilikuwa kimekolea. Malori yaliyopeleka chakula katika kambi ya wakimbizi yalitimua vumbi, na migomba yote ya kando ya barabara ilikuwa imegeuka rangi nyekundu.

Alipofika chemchemini alikuta tena kile alichokichukia. Makapi ya ndizi na nyasi zilizokamuliwa vilielea juu ya maji, na nzi walikuwa wamejaa ukingoni. Hakuhitaji kumuuliza mtu. Katika kijiji kizima ni mji mmoja tu uliokamua ndizi karibu kila juma, nao ulikuwa mji wa Mzee Protasi. Tangu wakimbizi waje, pombe ya ndizi, ambayo watu wa huko huiita rubisi, ilipata wanywaji wengi. Ndizi zilifukiwa shimoni ziive, zikakamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti, kisha mtumbwi huo ukaburutwa hadi chemchemini na kuoshwa pale pale watu walipochota maji ya kunywa.

Agripina aliyaondoa makapi kwa mkono, akachota, akajitwika. Nyuma ya nyumba yao alipita kando ya kaburi dogo, na kama ilivyokuwa desturi yake alisema moyoni, "Derick, bado."

Derick alikuwa mdogo wake. Mwezi Juni alipatwa na kuhara damu wakati baba yao akiwa safarini Biharamulo. Mama yao, Esperansia, alilia nguvu zikamwishia, na aliyembeba mtoto mgongoni hadi zahanati alikuwa Odeta, mkimbizi kutoka Burundi aliyefanya kazi ya vibarua kwa Mzee Protasi. Muuguzi alisema kwamba ugonjwa umetokana na maji machafu. Kesho yake mtoto alifariki. Siku ya mazishi Mzee Protasi alileta kibuyu kikubwa cha rubisi kuwafariji wafiwa, na watu walimshukuru kwa moyo wake mwema. Agripina alikitazama kile kibuyu, akaapa kwamba mtu yule atalipa.

Mara mbili serikali ya kijiji ilikuwa imeitisha mkutano ili itungwe sheria ndogo ya kulinda chemchemi. Mara zote mbili Mzee Protasi alifungua pombe asubuhi ya siku ya mkutano na kuwakaribisha wazee wenzake. Wanaume walikaa kwake na mirija yao hadi jua kuzama, na mkutano ukaahirishwa kwa sababu watu hawakutosha. Mkutano wa tatu ulikuwa umepangwa Jumamosi ya tarehe 19.

Jumatatu hiyo shuleni, Mwalimu Gidioni, aliyefundisha somo la Uraia, alipowaeleza wanafunzi maana ya mkutano mkuu wa kijiji, Agripina alinyoosha mkono. Aliuliza kama mama zao nao ni wajumbe. Mwalimu alijibu kwamba kila mkazi aliyetimiza umri wa mtu mzima ni mjumbe, mwanamume kwa mwanamke. Darasa lilicheka. Mvulana mmoja alisema kwamba mama yake hajawahi kwenda mkutanoni ila kupeleka viti.

"Basi safari hii akalie kimojawapo," Agripina alisema.

Kuanzia jioni ile viranja waligawana vitongoji. Agripina na rafiki yake Joan walipita nyumba kwa nyumba, wakapiga hodi, wakaamkia, wakaeleza. Akina mama wengine waliwafukuza kwa kicheko, wengine walisema mambo ya mkutano ni ya wanaume. Hata hivyo wengi walisikiliza hadi mwisho, kwa maana hapakuwa na nyumba isiyouguza mtoto mwaka ule. Joan aliifurahia kazi hiyo. Agripina hakuifurahia. Kwake mkutano ulikuwa fimbo tu, na fimbo hiyo ilikuwa mbali mno.

Jumapili, watu walipokuwa kanisani, alimwambia mama yake kwamba anaumwa tumbo. Alipobaki peke yake alipita katikati ya migomba hadi nyuma ya mji wa Mzee Protasi, ambao watu wake wote, Odeta naye, walikuwa misani. Hapo palikuwa na shimo la ndizi, limefunikwa kwa majani na udongo, na moshi mwembamba ukitokea pembeni ambako moto hukokwa ili ndizi ziive. Kila mtoto wa Ngara anajua kwamba shimo likifunuliwa kabla ya wakati wake, joto hutoka, na ndizi hubaki nusu mbichi nusu mbovu, hazikamuliki tena. Agripina aliufukua udongo kwa mikono. Alichana majani, akaumwagia moto maji aliyokuja nayo. Moyo wake ulikuwa mtamu kama asali. Kisha alirudisha udongo juu juu, akaenda kunawa.

"Derick, leo nimeanza," alisema alipopita kaburini.

Furaha hiyo ilidumu hadi Jumatano. Wakiwa chemchemini, Joan alimsimulia habari zilizozagaa kijijini. Shimo la Mzee Protasi lilikuwa limefunuliwa, na ndizi zote zilikuwa zimeharibika. Agripina aliinamisha uso asionekane akitabasamu. Ndipo Joan akaongeza kwamba mzee amemfukuza Odeta, kwa kuwa ndiye aliyepewa kazi ya kulichunga shimo. Amemwita mzembe, amemnyima mihogo aliyoifanyia kazi mwezi mzima, na amemtoa yeye na binti yake Niragira katika kibanda walichokuwa wakilala.

Dumu lilikuwa limejaa na maji yanamwagika, lakini Agripina hakuyaona. Aliyaona mabega ya Odeta yakipanda kilima na miguu ya Derick ikining'inia kila upande.

Jioni alimweleza mama yake kila kitu. Esperansia alikuwa akimenya ndizi za chakula. Hakuinua mkono kumpiga wala hakupaza sauti. Aliendelea kumenya hadi ndizi zikaisha, kisha akaweka kisu chini.

"Derick alikuwa wangu pia," alisema. "Unadhani mimi silali nikimchukia yule mzee?"

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe mimi. Hukunifukuza mimi kibandani."

Agripina alisema kwa kilio kwamba akikiri kabla ya mkutano, Mzee Protasi atawaambia watu kwamba wanafunzi ni waharibifu, na chemchemi itabaki vile vile. Mama alikubali kwamba huenda ikawa hivyo. Hakumwambia la kufanya. Alijitanda khanga, akaenda kumtafuta Odeta, akarudi naye pamoja na binti yake, akawatandikia mkeka jikoni. Agripina alimwamkia Odeta, naye akaitikia marahaba, akamuuliza kama tumbo lililomzuia kwenda misani limepona.

Jumamosi ilifika. Mzee Protasi, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa na shimo moja, alikuwa ameleta pombe kutoka kijiji cha jirani, na wanaume walianza kukusanyika kwake tangu asubuhi. Kisasi cha Agripina hakikuwa kimempunguzia hata mrija mmoja.

Lakini uwanjani mambo yalikuwa mengine. Akina mama walikuja, wakiwa na watoto mgongoni na majembe mkononi kwa sababu walitokea shambani. Walikuja wale waliocheka na hata wale waliowafukuza viranja. Mtendaji wa kijiji, Bwana William, alitazama saa yake, akasema kwamba wanaume ni wachache, kwa hiyo mkutano utaahirishwa tena.

Esperansia alisimama. "Mheshimiwa Mtendaji, shikamoo. Sisi umetuhesabu kuwa nini?"

Kicheko kilipita uwanjani. Bwana William alimgeukia Mwalimu Gidioni, naye mwalimu akaitikia kwa kichwa. Watu walihesabiwa upya, nao walitosha na kuzidi. Habari ilipofika kwa wanywaji kwamba wanawake wamefungua mkutano na wanatunga sheria, walikuja mbio, Mzee Protasi akiwa mbele.

Alipopewa nafasi alizungumza vizuri, maana alikuwa msemaji. Alisema kwamba chemchemi ilikuwa safi tangu enzi za babu zao, na kwamba uchafu na magonjwa vimeletwa na wakimbizi. Kisha alimnyooshea kidole Odeta, aliyekuwa amekaa pembeni kama mtu asiye mjumbe.

"Mtazameni huyo," alisema. "Nilimpa shimo langu alichunge, akalala, ndizi zikaoza. Mtu asiyeweza kuchunga shimo la ndizi ataweza kutunza maji?"

Watu wengi waliitikia kwa kuguna. Agripina alihisi hasira yake yote imerudi, lakini safari hii alijua kwamba nusu ya uongo ule ni mali yake mwenyewe. Alisimama, akaomba ruhusa kwa mtendaji.

"Odeta hakulala," alisema. "Shimo nililifunua mimi, Jumapili wakati wa misa. Nilitaka Mzee Protasi aumie kama tulivyoumia sisi kwa Derick. Aliyeumia ni yule aliyembeba Derick."

Mzee Protasi alicheka peke yake. "Huyo ndiye kiranja wenu mkuu. Mfukuaji wa mashimo ya watu. Ndiye anayewafundisha sheria."

"Ninastahili adhabu, na nitaipokea," Agripina alijibu. "Mimi nimesema langu, babu. Na wewe sema lako. Mtumbwi wako unaoshwa wapi?"

Mzee alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumsaidia, na aliyesimama alikuwa mkewe mwenyewe, Rozalia, mama mtu mzima asiyewahi kusikika mkutanoni.

"Unaoshwa chemchemini," Rozalia alisema. "Ninauosha mimi, kwa sababu ndipo alipoagiza. Mtoto ameona aibu akasema. Mimi mwenye wajukuu ninyamaze?"

Hakuna aliyeguna tena. Siku hiyo sheria ndogo ilipitishwa kwa mikono ya wake kwa waume. Ilikatazwa kuosha mtumbwi au kitu chochote karibu na chemchemi, na ilikatazwa kufungua pombe siku ya mkutano kabla mkutano haujafungwa. Mzee Protasi aliamriwa ampe Odeta mihogo yake na kumrudishia kibanda, na siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, abebe mawe ya kujengea ukingo wa chemchemi kwa kichwa chake mwenyewe. Agripina alivuliwa ukiranja hadi mwisho wa muhula, na akatakiwa kuchimba shimo jipya la ndizi kwa Odeta, ili mama huyo awe na shimo lake na asichunge tena la mtu.

Siku ya msaragambo Agripina alisimama na jembe lake, akamtazama Mzee Protasi akipanda na kushuka na mawe, jasho likimchuruzika hadi puani. Hakumhurumia. Mama yake aliliona jicho lile, akamsogelea.

"Mwangalie vizuri," Esperansia alimwambia. "Huna haja ya kumpenda. Lakini tambua tofauti. Ulipokwenda peke yako kwa siri, kisasi chako kilimpita mwenye kosa kikamwangukia asiye na kosa. Tulipokuja wote mchana, kila mtu akasema lake, mwenye kosa amebeba mawe na hakuna mtoto wa mtu aliyelala nje. Hasira yako ilikuwa ya haki, mwanangu. Ilikosa mkutano tu."

Jioni Agripina alichota maji. Hayakuwa na nzi wala makapi. Alipopita nyuma ya nyumba alisimama kidogo, akainamisha dumu, akamwagia kaburi dogo maji kidogo.

"Derick, basi," alisema.

Nawe msomaji, ukikifunga kitabu hiki, msimulie mama yako habari hii, au jirani asiyejua kusoma, kisha muulize mkutano wa kijiji chenu ni lini, na kama kiti chake kiko tayari.