Ufagio Uliopata Mpini

Enzi za uhasama wa Kiwambo na Pongwani, ufagio ulikuwa bado hauna mpini. Ulikuwa fungu la chelewa, zile njiti za makuti, lililokazwa kwa kamba. Mwenye kufagia aliinama, na mwenye kuinama alitukanwa na kila apitaye.

Katika ngome ya Kiwambo, aliyeinama alikuwa Mwanahija. Aliyemtukana zaidi alikuwa Mtondoo, amiri wa askari, mwenye joho la hariri na jambia la fedha.

"We kibiongo," alimwambia asubuhi ile watu wa Pongwani walipoegemeza ngazi ukutani, "ondoa vumbi lako. Wanaume wanapigana hapa."

"Nawaona, bwana amiri. Wanapigana huku wakirudi nyuma."

Hakusema uongo. Mishale ilikwisha, na mkuki wa amiri mwenyewe ulikuwa umechomoka chuma, umebaki mti. Nyuma ya ukuta ule binti wa Mwanahija alishikwa na uchungu wa kuzaa, hawezi kukimbia. Adui akiingia, mama na kichanga wangefungwa kamba moja na kupelekwa utumwani.

Mwanahija akampokonya amiri ule mti, akafunga chelewa zake nchani, akapanda ukutani.

Askari wa Pongwani hawakuogopa kufa. Ila miji yote miwili iliamini kwamba mwanamume akiguswa na ufagio hazai tena. Wa kwanza kwenye ngazi alifagiwa kifua. Akajitazama, wala si kifuani, akajirusha chini. Wa pili hakungoja zamu yake.

"Pigana kiume, we bibi," jemadari wao alifoka kutoka chini.

"Hicho kiume ndicho ninachokitafuta. Panda nikione."

Hakupanda. Jua lilipofika utosini ngazi zilikuwa tupu, na ndani ya ngome mtoto mchanga alikuwa akilia.

Mtondoo akaja na joho lake. "Nipe mti wangu, kibiongo."

"Chukua," akasema Mwanahija, akamwelekezea ncha yenye chelewa.

Amiri akanyoosha mkono. Akautazama ufagio. Akaurudisha mkono ndani ya joho.

Washairi wa ngome waliimba kwamba Kiwambo iliokolewa na mkuki wa Mtondoo. Hawakudanganya, ila ncha hawakuitaja. Naye Mwanahija alifagia ua ule hadi uzeeni, akiwa amesimama wima, na amiri akipita kwa kuzunguka.