Mukono ya Raphaël

— Pulchérie, ukiingia mu ile salle ya mukutano leo, mi na we basi!

Raphaël alinishika nguo katikati ya barabara ya Baraka, bantu banaangalia. Alikuwa fiansé yangu, phoniste kwa patron mumoja wa samaki: kazi yake ni kusema mu phonie, radio ya kuitana toka mbali, tangu asubuhi. Mahari ilisha kufika kwa baba yangu Lweba. Ndoa ilipangwa Jumamosi.

— Unanikataza juu ya nini? Bafundi ba radio bametoka Uvira, bametoka Kalemie, mi fundi wa Lweba nibaki nyumbani kuchambua maharagi?

— Alphonse njo amekuita!

— Alphonse alinifundisha kazi. Basi.

— Mwalimu gani anaangaliaga mwanafunzi namna ile?

Akanipiga kofi. Mi naye nikamurudishia, na yangu ilikuwa nzito kuliko yake. Alibaki anashika shavu, kisha sauti yake ikageuka ya kuomba.

— Nakuomba, Pulchérie. Rudi Lweba sasa hivi.

Nilizani ni wivu tu. Nikamuacha pale, nikaingia.

Mama yangu! Mi sikuwa nimeona kitu kama ile. Bafundi bamejaa ukuta kwa ukuta, kila mutu na chombo yake tumbo wazi, waya inje. Mumoja alikuwa anasikiliza marubani ba ndege. Mwingine aliwasha taa kwa chumvi na bati. Muzee Gakunzi, mufugaji, alishuka na miguu toka Minembwe na radio ameifunga mu kibuyu ya maziwa, na ilikuwa inaimba vizuri kuliko ya dukani. Nilicheka mupaka machozi. Nilijisikia niko kwetu.

Lakini bafundi bale bana desturi yabo. Ukikuja mara ya kwanza, banakupa maiti, ni kusema chombo yenye ilikufa. Uifufue mbele ya bote, ama ufagie salle. Alphonse, fundi wa Swima, akaniwekea mbele phonie ya zamani.

— Hii ilipigwa na radi. Baonyeshe, mutoto wa Lweba!

Nikaifungua. Nikakata waya yenye iliungua, nikaunga, nikafunga batri. Bote banapiga makofi:

— Iseme! Iseme!

Ikasema. Na sauti yenye ilitoka mule ilikuwa ya Raphaël, anasema mu phonie ya patron yake.

— ...ndiyo, mon adjudant. Alphonse wa Swima njo anasikilizaga phonie yenu, anapelekea bantu ba maquis habari.

— Tutamujua namna gani? Mule iko bantu bengi.

— Nitaingia mbele. Mwenye nitamupa mukono, njo yeye. Mumoja tu. Lakini, mon adjudant, bibi yangu iko mule. Musimuguse.

Makofi ikakufa. Alphonse hakujua hata njia ya pori kwenye baasi ba maquis banaishi! Akaniangalia.

— Ule si bwana yako?

— Ni yeye.

Akakamata nyundo.

— Akuje! Nitamupasua kichwa!

— Ukimupasua, basoda batakumaliza hapa hapa. Toka na dirisha ya nyuma, shuka ku ziwa, kamata mutumbwi. Raphaël utuachie sisi.

Muzee Gakunzi akaniuliza:

— Mutamufanya nini, binti?

— Muzee, muntu akikupa mukono, unakataa?

— Nani anaweza kukataa? Ni matusi.

— Basi tumusalimie. Bote.

Alphonse aliruka dirisha. Kidogo tu, Raphaël akaingia na abakosi yake, koti ya heshima, anatabasamu, macho inamutafuta Alphonse. Muzee Gakunzi akamufuata na mikono mbili.

— Karibu, mukwe yetu! Bwana-arusi!

Atafanya nini? Akamupa mukono. Mbele hajaurudisha, Fabien, fundi wa Uvira, akaukamata. Halafu mwingine. Halafu mwingine tena. Banamupongeza, banamuzunguka, banamuvuta huku na kule, jasho inamutoka mupaka ku kola.

— Muniache! Muniache kwanza!

— Pongezi, shemeji!

Basoda balikuwa banachungulia ku dirisha ya mbele. Balichoka kuhesabu. Mulango ukavunjika.

Yee! Balipiga na vitako vya bunduki bila kuuliza. Muzee Gakunzi alianguka, meno inje. Fabien balimupasua sikio. Mi nilipata ya mukono, nikasikia mufupa unalia. Viatu vyabo vikaponda radio zote, ile kibuyu nayo. Adjudant, mukubwa wabo, akamukamata Raphaël koo.

— Uliniambia mumoja! Umesalimia kijiji muzima!

— Ametoroka, mon adjudant! Nakuapia!

— We njo ulimuonya! Unachezea jeshi?

Balimupiga na mukanda, halafu na mateke, mupaka abakosi ikageuka rangi. Mi nilitaka hivyo? Nilitaka Alphonse apone. Hiyo ingine sikuifikiria. Raphaël akatambaa, akashika kiatu ya adjudant.

— Muulize bibi yangu! Pulchérie! Baambie mi ni bwana yako, mi si muntu wa maquis!

Adjudant akanigeukia.

— Citoyenne, huyu ni bwana yako?

Raphaël aliniangalia, damu inamutoka puani. Nilimupenda. Kweli ya Mungu, hata saa ile nilimupenda. Na pale njo nilifahamu sababu gani aliniomba nirudi Lweba: alitaka kuniokoa. Lakini Jumamosi ningelala karibu na huyu, na kesho yake angeuza nani?

— Citoyenne! Nauliza mara ya mwisho!

— Hapana, mon adjudant. Huyu simujue.

Balimutupa mu kamyo kama gunia ya mihogo. Alikuwa anaita jina langu mupaka kamyo ikakata kona ya Fizi. Hatukumuona tena.

Alphonse alinitumia bantu ba kuniposa. Nilibarudisha.

Jumamosi, mukono umefungwa na vijiti, nilipanda Fizi kwa mama Florentine, muzazi wa Raphaël. Alinikuta ku mulango.

— Mutoto yangu iko wapi?

Nilipiga magoti.

— Mama, nimeleta mbuzi za mahari.

— Sijauliza mbuzi, binti.