Kitalu Namba Saba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ikupa alipita kwanza shambani na daftari lake. Alikuwa darasa la sita, na katika kijiji chao cha Kinyala hapakuwa na mtoto mwingine mwenye kazi kama hiyo. Nyuma ya migomba ya bibi yake, Bi Alinanuswe, palikuwa na vitalu kumi na viwili vya maharage, kila kitalu na mbegu yake na kigingi chake chenye namba. Ikupa alihesabu majani yenye kutu, yaani yale madoa ya kahawia yanayoletwa na ugonjwa wakati wa mvua, akaandika idadi, kisha akatimua mbio kuiwahi kengele.

Jaribio hilo lilikuwa la Bi Felista, mtafiti wa mbegu aliyekuwa akija kwa pikipiki kutoka Tukuyu. Alitaka kujua ni mbegu gani inayoweza kuvumilia mvua za Rungwe, ambazo zikishapiga hodi hazijui kuaga. Mbegu kumi na moja alikuja nazo mwenyewe. Ile ya saba aliichambua punje kwa punje kutoka kwenye debe la Bi Alinanuswe, ambaye kama akina mama wengi wa huko alipanda maharage ya kila rangi kwa pamoja. Ilikuwa ndogo, ya njano, yenye kijicho cheusi.

"Mbegu zikiwa za aina nyingi, ugonjwa ukija hauzimalizi zote," Bi Felista alimweleza Ikupa siku ya kupanda. "Ndiyo maana nazitafuta hata kwenye madebe ya akina bibi."

Tangu siku hiyo Ikupa aliishangilia namba saba kama timu yake ya mpira. Mbegu nyingine zilipougua kutu, yenyewe haikuwa na doa hata moja.

Jumanne moja mvua ilimwagika tangu alfajiri. Njia ya shambani iligeuka tope la kufika magotini, na moto wa jikoni ulikuwa mtamu. Ikupa akajiuliza, siku moja itabadilisha nini? Alitazama namba za Jumatatu, akaongeza mbili hapa na tatu pale, na kwenye namba saba akaandika sifuri kama kawaida. Jumatano mvua haikukoma, naye hakwenda. Kufikia Ijumaa alikuwa ameshazoea, wala mkono haukusita.

Jumamosi asubuhi pikipiki ikanguruma uani.

"Shikamoo, Bi Felista."

"Marahaba, Ikupa. Hebu nione daftari." Mtafiti alipitisha kidole kwenye ukurasa, uso ukamchangamka. "Sifuri wiki nzima? Kwenye mvua yote hii? Twende nikaione kwa macho yangu!"

Walipovuka migomba, wote wawili walisimama ghafla. Kitalu namba saba kilikuwa uchi. Vilibaki vijiti vitupu na viganda vichache vichanga vikining'inia, jani hakuna. Ikupa alipigwa na butwaa.

"Jana asubuhi ulihesabu hapa?" Bi Felista aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo," Ikupa alijibu kabla hajafikiri.

"Na majani yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

Bi Felista alipiga magoti kwenye tope. Alipekua chini ya vijiti, akachimbua udongo, akatafuta mdudu asimwone. Aliposimama, uso ulikuwa umemsawijika. "Usiku mmoja," alisema. "Miaka tisa niko kwenye kazi hii, sijaona kitu cha kumaliza kitalu kizima kwa usiku mmoja."

Alimpigia simu mkuu wake, Bwana Lugano. Ikupa alisikia maneno machache tu, lakini yalimtosha.

"Tunang'oa vyote na kuchoma," Bi Felista alisema alipokata simu. "Hiki kitu hatukijui. Kikivuka kwenda kwa majirani, kijiji kizima kitalala njaa. Na maharage ya bibi yako pia tutayang'oa, kwa sababu yamepakana na haya. Nisaidie."

Maharage ya bibi! Hayo ndiyo yaliyokuwa chakula chao cha mwaka mzima. Ikupa alitaka kusema, lakini aliona aibu. Aliinama, wakang'oa kitalu cha kwanza, mashina yenye maua yakirundikana chini. Kisha wakang'oa cha pili. Kila shina lililotoka na mizizi yake lilimuuma, lakini aliendelea kung'oa. Bi Felista alipofika mpakani, ubavuni mwa kitalu cha pili, na kushika shina la kwanza la maharage ya bibi, Ikupa alipiga kelele.

"Using'oe! Nimesema uongo!"

Bi Felista aliduwaa, shina mkononi.

"Sijafika hapa tangu Jumatatu," Ikupa alisema huku akilia. "Mvua ilikuwa kubwa. Namba zote niliziandika jikoni. Sijui majani yalitoweka lini."

Kelele zile zilimleta Bi Alinanuswe kutoka nyumbani. Alipoona lile rundo la maharage, alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mwe! Nani ameng'oa chakula?"

"Bibi, kuna kitu kimekula majani ya namba saba," alieleza Bi Felista.

"Kitu gani? Ni mimi niliyeyachuma!" alisema bibi. "Jumatano nilikuwa na wageni wa jumuiya ya kanisani, nikachuma mboga. Alhamisi nikamalizia. Hata huyu Ikupa alikula, akaomba aongezwe."

Ikupa alikumbuka ile mboga laini, akatamani ardhi impokee.

"Lakini bibi, nilisema maharage haya yasiguswe!" Bi Felista alisema.

"Maharage sijagusa, mwanangu. Majani hukuyataja. Hivyo vitalu vingine vina kutu, nani atampa mgeni kutu? Hiki ndicho kilichokuwa safi."

Bi Felista akashusha pumzi. "Hilo la majani ni kosa langu. Hapa kwenu mharage ni mboga kwanza, nami sikuliwaza." Alimpigia tena Bwana Lugano kumweleza. Namba saba ingepandwa upya msimu ujao, lakini mbegu mbili zilizong'olewa zilikuwa zimepoteza mwaka mzima.

Ikupa alimnyooshea daftari. "Nimeliharibu. Mpe mtu mwingine."

Bi Felista hakulipokea. Alimpa kalamu. Ikupa alifuta siku nne, na kwenye kila moja akaandika: sikwenda.

"Sasa nisikilize," Bi Felista alisema. "Ungeniachia nafasi tupu, ningejua kwamba mvua ilikuzuia, nami nisingekasirika. Ningemuuliza bibi, tukacheka, tukaenda kunywa chai. Namba zako za uongo ndizo zilizoniambia majani yameliwa kwa usiku mmoja, nami nikaziamini, nikang'oa mimea mizima kwa mikono yangu. Kama hujaona, andika hujaona."

"Nimeelewa," Ikupa alisema.

Alijifuta machozi, akaingia kwenye tope hadi kitalu cha tatu, akaanza kuhesabu jani moja moja.