Roho Iliyobaki Dirishani

"Hapa Donya husimama mwenyewe," Macio alisema, akalegeza hatamu. "Msinilaumu mimi. Mlaumuni aliye dirishani."

Wageni watatu kutoka Manila wakainua shingo. Kalesa, kigari cha kukokotwa na farasi, ilikuwa imesimama katikati ya barabara ya mawe, chini ya nyumba kuukuu yenye madirisha ya vigae vya kombe, na jua la saa tisa alasiri lilikuwa linapenya kwenye kombe hizo polepole. Donya, farasi jike mwenye nyonga pana na dharau nyingi, alitazama juu akatulia tuli.

"Nani yuko dirishani?" aliuliza mama mmoja, mkononi ana empanada, sambusa kubwa ya mtaani.

"Msichana wa nyumba hii. Alisafiri enzi za Wahispania, miaka mia na hamsini iliyopita, na roho yake haikuitwa. Mwili ukapanda meli, roho ikabaki hapo juu. Farasi anamwona. Sisi hatumwoni."

"Alikuwa mzuri?"

Hadithi hiyo Macio alikuwa ameisimulia miaka minne, mara sita kwa siku, na bado swali hilo hakuwa amelizoea.

"Alikuwa na kidoti hapa," alisema, akagusa chini ya jicho lake la kushoto. "Na alikuwa anacheka kabla hujamaliza kumchekesha."

Dirisha likaburuzwa likafunguka.

"Miaka mia na hamsini, Manong?" sauti iliuliza kutoka juu, ikimwita kaka kwa lugha ya kwao. "Ndivyo nilivyozeeka?"

Empanada ikaanguka. Yule mama akafanya ishara ya msalaba. Dirishani alikuwa ameegemea msichana mwembamba, aliyepauka, mwenye kidoti chini ya jicho la kushoto. Wageni wengine wawili wakapiga makofi, wakidhani ni sehemu ya maonyesho na kwamba mji wa Vigan unajua kweli kutunza watalii.

Macio hakupiga makofi. Alishika hatamu kwa mikono miwili kama mtu aliyepanda kalesa kwa mara ya kwanza.

"Jovelyn," alisema.

"Endesha, Manong. Wateja wako wanasubiri."

Macio alikuwa tayari. Donya ndiye aliyegoma. Ilibidi aongozwe kwa kuvutwa, na kila baada ya hatua mbili aligeuza shingo kutazama nyuma, jambo ambalo bwana wake alitamani kulifanya ila aliona aibu.

Jovelyn alikuwa ametua uwanja wa ndege wa Laoag asubuhi ileile, bila kumwambia mtu isipokuwa bibi yake. Kwa miaka minne alikuwa Honolulu akikunja mashuka ya hoteli, na sasa alikuwa amepewa likizo ya wiki moja kwa sababu msimamizi wake alianza kumwogopa. Alikuwa anafanya kazi vizuri, hakosei, hachelewi. Lakini ukimwita, anageuka baada ya muda, kama anayetoka mbali.

Jioni hiyo Lilang, bibi yake, alimwekea soseji za kitunguu saumu, wali na siki ya miwa. Akamtazama weee, mpaka wali ukapoa.

"Hujala."

"Nimekula, Lilang."

"Umekisogeza chakula. Tangu nilipokupokea mikononi mwa mama yako nakujua, wewe soseji huziachi."

Ndipo Jovelyn akamweleza. Kwamba kila anachokula kina ladha ya karatasi. Kwamba madaktari wa kule walimpima damu, moyo na kichwa, wakamwambia ni mzima. Kwamba kila akifumba macho anaiona barabara ya mawe, tena kutokea juu, kama mtu aliyekaa dirishani, na kwato zinakuja, zinasimama, zinaondoka. Aliota hivyo kila siku kwa miaka minne.

Bibi kizee akaweka kijiko chini.

"Siku ile unaondoka miguu yangu ilivimba, sikuweza kushuka ngazi. Nani alikuita getini?"

"Manong Macio."

"Ulimsikia?"

Jovelyn akafikiri. Alikuwa amekaa ndani ya kalesa na masanduku yake. Macio alishuka kukaza mkanda wa Donya, akaenda mpaka getini, akainama. Midomo yake ilicheza.

"Niliona anasema. Sikusikia."

Kwetu Ilocos mtu haondoki mahali hivihivi. Ukitoka mtoni, ukitoka msituni, ukiacha nyumba yako kwenda mbali, lazima aliye nawe aite roho yako kwa jina. Roho ina tabia ya kushangaashangaa. Inaona kipepeo inasahau safari. Kwa hiyo inaitwa: "Intayon, fulani, usibaki nyuma." Na neno hilo intayon maana yake ni twende, mimi na wewe, sasa hivi. Kwa neno hilo huwezi kumtuma mtu aende peke yake.

Jovelyn akachukua simu.

*Manong, siku ile niliyosafiri, getini, ulisema?*

Jibu lilichukua muda, na muda huo Jovelyn alikuwa akiona kwamba Macio anaandika, anaacha, anaandika tena.

*Nilisema, ading, mdogo wangu.*

*Basi roho yangu itakuwa ilibaki kwingine. Nina siku tano. Nitembeze tuitafute.*

*Kesho nitakuja na Donya.*

Siku zile nne zilizofuata, kama hujawahi kupenda, hutaelewa kwa nini mtu angezitamani zisiishe. Kila alasiri walitoka. Macio alimpeleka kwa wafinyanzi wa mitungi, pale nyati wa kufugwa anapozungushwa juu ya udongo mpaka ulainike, na wakasimama wawili wakimtazama nyati anakanyaga, anakanyaga. Macio akaita, "Intayon, Jovelyn, usibaki nyuma." Hakuna kilichokuja. Wakaenda kwenye karakana ya wafumaji, ambako mama yake Jovelyn alifuma mablanketi mpaka kifo chake. Uzi mweupe ulikuwa ukipita kushoto, ukipita kulia, na Jovelyn akasinzia amekaa kwenye benchi, kichwa kikiwa begani kwa Macio. Macio hakusogea mpaka mkono wake ukafa ganzi. Wakaenda mtoni. Kila mahali aliita vizuri, kwa sauti ya adabu, kama mhudumu wa hoteli.

Njiani walitaniana. Jovelyn alimuuliza kama watalii huwa wanaamini zile porojo zake. Macio akasema wanaamini kuliko anavyoamini padri wa mtaani kwao.

"Na kidoti? Kwa nini uliwapa kidoti changu bure?"

"Sikuwapa. Nilikuwa nawaonyesha tu, kisha nakirudisha."

Jovelyn alicheka, lakini cheko lilichelewa. Na kila siku alikuwa mwepesi zaidi. Alipopanda kalesa, springi hazikulia.

Siku ya tano walikwenda Bantay, kwenye mnara wa kengele ulio peke yake juu ya kilima. Walipanda ngazi za matofali mpaka juu, upepo ukawa unapita kati ya kengele, na mashamba ya miwa yalikuwa yametandazwa chini mpaka milimani. Macio akaita. Jovelyn alisubiri amefumba macho.

"Hakuna," alisema. "Labda imeshakufa, Manong. Labda roho ikiachwa sana inakufa, na mimi nitakuwa hivi tu. Kesho asubuhi napanda basi. Nitazoea."

Alisema hivyo bila uchungu wowote, na hapo ndipo Macio alipoogopa.

"Haijafa."

"Unajuaje?"

"Haiko hapa. Wala haikuwa kwa wafinyanzi, wala mtoni. Iko nyumbani kwenu, juu ya geti." Alishika ukuta. "Niliiambia ibaki."

Jovelyn alifumbua macho.

"Uliambiwa useme intayon."

"Ulimi uligoma. Neno lile ni twende, ading, na mimi nilikuwa siendi. Ningeitaje twende, wakati wewe unakwenda na mimi narudi bandani na farasi? Nikasema baki. Nikasema mara tatu. Nilidhani utakumbuka nyumbani kidogo, utarudi baada ya mwaka. Sikujua kwamba utakuwa mgonjwa. Naapa sikujua."

"Na siku hizi tano? Ulijua unaita hewa."

Macio alikuwa amejua, na alikuwa amefurahi, na hayo yote yalionekana usoni kwake.

"Miaka minne nimekula karatasi," Jovelyn alisema taratibu. "Miaka minne nalala kwenye dirisha la bibi yangu, nakusikiliza ukiniuza kwa watalii. Manong, nilikuwa hatua mbili kutoka kwako siku ile. Nilikuwa nimekaa kwenye kalesa yako. Mwenye masikio nilikuwa mimi. Ungeniambia mimi baki, ningekujibu. Wewe ukaenda kumwomba asiyeweza kukujibu."

Akashuka ngazi. Alipita karibu na Donya bila kumgusa, akasimamisha bajaji, akaondoka. Jioni hiyo simu yake ilipokea ujumbe mmoja tu.

*Kesho saa mbili nitakuwa getini. Nitaita vizuri. Si lazima uniangalie.*

Jovelyn aliilaza simu kifudifudi, akafunga masanduku yake.

Asubuhi ya safari mtaa mzima ulikuwa unajua, maana kwetu mlio wa dirisha tu unatosha kuwatoa watu nje. Muuza empanada aliacha mafuta yachemke. Watalii wawili walitaka kupiga picha, Lilang akawatazama, wakashusha simu zao. Macio alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akashuka, akasimama getini akilitazama lile dirisha waziwazi mbele ya watu. Safari hii hakuinama.

"Ni mimi niliyekwambia ubaki," aliiambia ile roho. "Nilikosea. Hukuwa wangu wa kukufunga. Sasa nakuita. Intayon, Jovelyn, usibaki nyuma. Intayon, Jovelyn. Intayon."

Kisha Jovelyn akapanda na masanduku yake bila kumwangalia, lakini Macio hakupanda kalesa. Alishika hatamu akatembea kwa miguu kando ya Donya, kwa sababu neno ni twende na alikuwa ameamua kulifuata mpaka mwisho wa uwezo wake. Kila kona aliita. Kona ya kanisa aliita. Kwenye chemchemi ya uwanjani aliita, na kufikia hapo alikuwa analia waziwazi, mwanaume mzima, na hakujifuta.

Walipofika kituo cha mabasi, Jovelyn alisikia harufu ya kitunguu saumu. Akageuka kwa haraka, kama alivyokuwa akigeuka zamani. Alinunua empanada kwa mwanamke wa kituoni, akaimwagia siki, akang'ata. Machozi yakamtoka.

"Vipi?" Macio aliuliza kwa hofu.

"Siki kali," alisema, akang'ata tena. "Kali sana."

"Imerudi?"

"Imerudi."

Macio aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Akapandisha masanduku kwenye basi. Akamtakia safari njema. Hakusema jingine lolote, kwa kuwa alikuwa ameshasema mengi mahali pasipostahili.

Jovelyn alikaa kiti cha dirishani. Dereva akawasha injini. Chini, Macio alikuwa amegeuka mgongo, ameinamia mkanda wa Donya anaukaza, na mkanda ulikuwa umekazwa tayari. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Jovelyn akashuka.

"Unasema nini hapo?"

Macio alishtuka. "Si kitu."

"Manong. Safari hii nataka kusikia."

"Naiambia roho yangu ishuke kwenye basi," alisema akitazama kwato za farasi. "Imekaa karibu nawe. Haitaki kushuka."

Jovelyn alimtazama mtu huyu aliyemfanya hadithi ya watalii, aliyemwibia miaka minne kwa neno moja na kuirudisha kwa miguu. Hasira bado ilikuwepo, wala haikwenda popote. Lakini siki bado ilimchoma ulimini na alijisikia yumo ndani ya mwili wake mzima, mpaka kwenye kucha.

"Wewe una kitu cha kuuliza tangu miaka minne. Niulize mimi. Usiliulize geti."

Dereva akapiga honi. Macio alivua kofia.

"Jovelyn. Baki."

"Nimesikia," alisema. "Kule nilikuwa nataka kurudi kila siku, na sikujua kama ni mimi ninayetaka au kuna kitu kinanivuta. Sasa niko kamili, na bado nataka. Kwa hiyo nabaki, na nabaki kwa sababu yangu. Na hilo la kunidanganya siku tano utanilipa kwa kumwogesha Donya wako kila asubuhi, maana ananuka."

Akamshika mkono, akamwita kwa jina lake kamili, kwa sauti ya kusikika basi zima: "Intayon, Dalmacio, usibaki nyuma."

"Twende wapi?" Macio aliuliza, kama mjinga.

"Nyumbani. Lilang amekaanga soseji, na mimi nina njaa ya miaka minne."

Abiria ndio walioshusha masanduku.

Jumapili wazee wa upande wa Macio walikuja kuomba rasmi, wakiwa na jogoo na mtungi wa mvinyo wa miwa, na Lilang aliwakawiza mpaka mtungi ukaisha ndipo akakubali. Walifunga ndoa Desemba. Donya alivishwa shada la maua akalila mlangoni pa kanisa.

Siku hizi ukipanda kalesa ya Macio, Donya bado anasimama pale chini ya madirisha ya kombe, anatazama juu. Wiki iliyopita wageni walimuuliza kwa nini.

"Hapa ni kwangu," Macio aliwajibu.

"Tuliambiwa kuna roho ya msichana dirishani," mmoja alilalamika.

Dirisha likaburuzwa.

"Shuka ule, Manong, chakula kinapoa," ilisema sauti kutoka juu. "Na hao wageni waite. Usiwaache nyuma."