Alinifukuza Niende Chuo Kikuu

"Dere, hii namba ni ya nani?"

Nilikuwa nimeinama ndani ya gari la wagonjwa ninaloliendesha, nasugua damu iliyokauka sakafuni. Nikageuka. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, kaninyooshea simu kama anataka kunipiga nayo. Alikuwa amepiga picha orodha ya matokeo iliyobandikwa chuoni asubuhi hiyo.

"Namba ipi?"

"Usiniulize ipi. Arobaini na moja. Nani alikaa kushoto kwangu siku zote tatu za mtihani?"

Brashi ikanitoka mkononi.

"Mimi."

"Na mbele yake wameandika nini? Soma."

"Amefaulu."

"Wiki mbili zilizopita, matokeo yalipokuja kwa meseji, uliniambia nini?"

Nikaokota brashi.

"Nilikuwa nalia, Dere! Ukanishika mkono, ukasema, 'Nyamaza, hata mimi nimefeli. Tutarudia pamoja.' Nikafuta machozi yangu nikaanza kukubembeleza wewe. Kumbe nabembeleza mtu aliyefaulu!"

"Nilifanya vile kwa sababu nakupenda."

"Hapo ndipo umeniudhi zaidi."

Akaondoka. Wauguzi wawili waliokuwa wanapita walijifanya wanatazama mawingu.

Niwaambie mwanamke huyu ni nani. Mashuka yote ya hospitali yetu, na magauni ya madaktari wa upasuaji, yalipita kwenye cherehani yake. Tulifanya kazi pale miaka tisa hatujavuka "habari za asubuhi". Tulikuja kufahamiana kwenye chuo cha watu wazima, kile kinachowaandaa wafanyakazi kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu. Darasa letu lilikuwa na askari magereza, kinyozi, mpishi wa shule, na bibi mmoja mwenye wajukuu sita. Tulitoka kazini saa tisa, saa kumi tuko darasani, wengine bado na sare. Ukutani palikuwa na tangazo: ZIMA SIMU, HATA KAMA NI BOSI.

Mimi hesabu zilikuwa zinanitoa jasho. Siku moja Fundi alivuta kiti chake karibu.

"Uko kilomita arobaini kutoka hospitali. Mgonjwa ana dakika thelathini. Utaendesha mwendo gani?"

"Themanini kwa saa."

"Umetumia kalamu?"

"Hapana."

"Basi hesabu unazijua. Unachoogopa ni herufi tu. Hiyo x ni mgonjwa asiye na jina. Mtafutie jina lake, basi."

Alinifundisha mwaka mzima namna hiyo. Aliacha shule kidato cha pili, lakini mwalimu wetu akikwama ubaoni alikuwa anamtazama yeye. Ndoto yake ilikuwa kusomea ualimu wa hesabu. Mimi nilitaka uuguzi, nimechoka kuwafikisha watu mlangoni nikaishia hapo. Nikampenda, naye akanipenda. Mtihani ulipofika, hesabu alipata tisini na nne. Insha ikamwangusha: arobaini na sita, na kufaulu ni hamsini.

Sasa alikuwa hapokei simu zangu. Nikaenda kwa mkuu wa chuo, mama mmoja mfupi mwenye miwani ya kamba.

"Barua yako ya chuo kikuu iko mezani kwangu siku ya tisa leo," akasema. "Usajili unafungwa Ijumaa."

"Sitaki kwenda bila mwenzangu."

"Mwenzako alikuwa hapa asubuhi. Unajua alifuata nini?"

"Kunishtaki?"

"Kujiandikisha upya. Kajaza fomu, kaomba vitabu vya insha, kaenda kazini. Wewe hata hakukutaja."

Nilitoka pale na aibu mpaka masikioni. Nikakaa kwenye ngazi za chuo nikamwandikia:

"Fundi, nilikudanganya mara mbili. Kwanza niliposema nimefeli. Pili niliposema ni kwa sababu ya mapenzi. Ukweli ni kwamba naogopa. Nina miaka arobaini, nitakaa na watoto waliomaliza shule juzi, na wewe hupo wa kunivutia kiti. Nikaona nijifiche nyuma ya kufeli kwako. Nisamehe."

Dakika kumi zikapita. Simu ikalia.

"Sasa ndiyo unaongea. Njoo chumba cha kushonea."

Nilimkuta kwenye cherehani, hakuinua macho mpaka alipomaliza pindo.

"Kaa," akasema. "Dere, kila hesabu uliyoipata kwenye ule mtihani, mimi nilikaa nayo. Niliacha kula mchana kwa ajili ya hesabu zako. Ukiniambia umefeli, unaniambia sikukufundisha kitu. Umeichukua kazi yangu umeitupa jalalani."

"Sikuwaza hivyo."

"Ndiyo ubaya wake. Uliwaza wewe mwema, mimi maskini wa kuhurumiwa."

"Nifanye nini unisamehe?"

"Nenda kachukue barua."

"Na sisi je?"

Akasimamisha cherehani.

"Sisi tupo. Ila sitaki mwanamume wa kunisubiri njiani kama nachechemea. Tangulia. Mimi nitafika, na nikifika nisikukute umekaa."

Alhamisi nilichukua barua. Ijumaa, saa moja kabla hawajafunga, nilisajiliwa.

Chuo kikuu kilikuwa safari ya siku nzima kutoka kwetu. Vijana wa darasani walinibatiza Mjomba, na wiki ya kwanza mmoja alinipisha mlangoni akidhani mimi ni mhadhiri. Kila Jumapili mchana Fundi alinisomea insha zake kwenye simu. Sasa mwalimu nilikuwa mimi.

"Fundi, hii ni kavu. Unaandika kama unakata kitambaa."

"Si wanasema tusipoteze maneno?"

"Mada ni kazi ya mikono. Umeandika faida tano na hasara tano. Wewe uko wapi humo ndani?"

"Mimi nihusike vipi?"

"Niambie siku uliyoacha shule."

Nikasikia anakunja karatasi.

"Tulimzika baba Jumanne," akasema taratibu. "Jumatano mama aliniamsha kama siku zote, nikavaa sare. Nilipofika mlangoni nikamwona amekaa kwenye cherehani ya baba, na hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Wadogo zangu wanne wanamtazama. Nikavua viatu vya shule, nikamwambia, mama, sogea kidogo."

Nikafunga daftari langu.

"Upo?" akauliza.

"Nipo. Andika hivyo hivyo. Usibadilishe hata neno."

Niwe mkweli: mwanamke yule nilimheshimu kabla ya siku ile, lakini baada ya pale kila nilipolitaja jina lake nilikaa vizuri kwenye kiti.

Mwaka ulipoisha alipiga simu Jumatatu, niko wodini kwa mafunzo. Nilitoka nje mbio.

"Dere."

"Sema."

"Insha sabini na tisa."

Nyuma yake nikasikia wanawake wa kufulia nguo wanapiga vigelegele na ndoo zinagongwa. Mimi nililia pale ukutani, na mgonjwa mmoja mzee akaniuliza nani amefariki.

"Hakuna, baba. Mchumba wangu amefaulu."

"Basi lia, mwanangu. Lia kabisa."

Alifika mwezi wa tisa na begi moja na cherehani yake. Nilimpeleka kwenye foleni ya usajili, nikasimama kando. Akajaza fomu haraka haraka, halafu kalamu ikasita.

"Dere, hapa wanauliza hali ya ndoa."

"Jaza ilivyo."

"Ilivyo leo au itakavyokuwa?"

Nikamsogelea.

"Wewe unatakaje?"

"Mimi nimeshaongea na mama na wadogo zangu. Wanasema wanakungoja wewe tu uje useme. Wamengoja mpaka wamechoka."

"Na wewe je?"

"Mimi nina kalamu mkononi na foleni ndefu nyuma yangu. Sema."

"Nioe... yaani, nikuoe, Fundi. Tafadhali."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Msichana aliyekuwa dirishani akamsukumia fomu mpya.

"Mama, chukua tu nyingine," akasema. "Hiyo mtakuja kuibadilisha."

Tulifunga ndoa wiki tatu baadaye, Jumamosi, kwa sababu Jumatatu bibi harusi alikuwa na jaribio la hesabu. Alipata mia.