Chokaa Golini

Uwanja wa shule ulikuwa nyuma ya madarasa, na ulikuwa na mashimo. Shimo la kona lilikuwa na sifa zake. Watu walisema mbuzi aliwahi kutumbukia humo, akapotea siku tatu, akatoka na watoto wawili. Mbuzi mwenyewe hakuna aliyemwona. Shimo, kila mtu aliliona.

Katikati ya uwanja majani yalikuwa yamekwisha, zimebaki changarawe. Goli la upande wa vyoo lilikuwa bondeni. Mvua ikinyesha, maji ya uwanja mzima yalikwenda kulala pale.

Mtunza uwanja aliitwa Fundi Mistari. Vifaa vyake vilikuwa jembe, reki na kopo lenye matundu. Kwa kopo hilo alichora mistari iliyonyooka kuliko maneno ya watu wengi. Mkewe alikuwa mshona nguo. Binti yao alikuwa kidato cha tatu, na ndiye golikipa wa shule. Wenzake walimwita Sumaku, kwa sababu mpira ulinata mikononi mwake.

Wiki hiyo shule ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya shule za sekondari. Siku moja kabla ya mechi ya kwanza, jioni, mama alikuwa akishona jezi ya Sumaku iliyochanika kwapani.

"Simama wima nikupime," alisema mama.

"Mama, hii ni jezi, si gauni la harusi."

"Ikipasuka mbele za watu utajua kama ni gauni au siyo. Kesho utaanguka mara ngapi?"

"Mara watakazopiga."

"Basi waambie wasipige."

Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai. "Wakipiga, wamepiga ukuta," alisema. "Kwa mwanangu hata nzi hapiti."

Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi, goli la upande wa vyoo lilikuwa bwawa. Chura mmoja alikuwa ameshika nafasi ya golikipa.

Mwenyekiti wa mashindano alifika mapema. Alikuwa amevalisha viatu vyake mifuko ya plastiki.

"Fundi, mechi ni saa nne. Mgeni rasmi yuko njiani. Nataka hapa pakauke."

"Mwenyekiti, hapa panataka mtaro. Niliuomba tangu mwaka jana."

"Utachimba mtaro kwa saa mbili?"

"Hapana."

"Basi fanya kitu. Wewe si fundi? Kama huwezi, wapo wanaoweza."

Mwenyekiti aliondoka akiruka madimbwi. Fundi Mistari alibaki na jembe lake. Maneno yale ya mwisho yalimkaa kifuani.

Nyuma ya ofisi kulikuwa na madarasa mapya yanayojengwa. Kulikuwa na magunia ya chokaa ya mawe, ile mbichi ambayo bado haijazimwa kwa maji. Fundi alikumbuka kitu. Siku moja lori la mchanga lilikwama kwenye tope. Wajenzi walimwaga chokaa ile, tope likakauka, lori likapita.

Alibeba magunia mawili. Akamwaga golini, akachanganya kwa reki. Tope likaanza kutoa mvuke kama sufuria jikoni. Vidole vyake viliwasha. Alinawa, akaendelea. Hata saa tatu na nusu haijafika, bwawa lilikuwa limegeuka uji mzito mweupe, na mtu aliweza kusimama. Chokaa iliyobaki aliitia ndani ya kopo, akachorea mistari. Hakuna aliyemuuliza amefanyaje. Naye hakumwambia mtu.

Watu walijaa. Mama Sumaku aliketi juu ya tofali, pembeni ya jirani yake, Mama Kokoto. Mama Kokoto alikuwa kibarua wa ujenzi. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama visigino.

"Jirani, mumeo leo kauvalisha uwanja sare," alisema Mama Kokoto. "Mistari inang'aa hiyo! Kwenu nyumbani amewahi kufagia namna hii?"

"Nyumbani hana mgeni rasmi," alijibu Mama Sumaku. Wakacheka.

Mechi ilianza. Dakika ya ishirini, mshambuliaji wa wageni alibaki yeye na golikipa. Sumaku alijirusha miguuni kwake. Aliukumbatia mpira, uso ukazama kwenye tope jeupe.

Uwanja mzima ulishangilia. Sumaku aliinuka na mpira wake. Kisha akautupa, akashika uso.

"Macho! Mama, macho yangu!"

Wengine walicheka. Walidhani ni mbwembwe za golikipa.

Mwalimu wa michezo alikimbia na kikombe cha maji na taulo. "Ni tope tu. Jikaze." Alimwagia kikombe kimoja, akamsugua kwa taulo. Sumaku alipiga kelele ambayo haikuwa ya tope. Mama alifika, akajaribu kumfuta kwa kitambaa chake cha kichwani. Mtu mmoja alisema awekewe maziwa. Mwingine alisema mafuta ya kula. Kila mtu alikuwa daktari.

Fundi Mistari alisimama kando ya nguzo ya goli. Alijua. Alimwona mwenyekiti akimtazama kutoka jukwaani. Akainamisha kichwa. Akisema, kazi imekwenda. Asiposema, labda ni tope tu kweli. Labda litatoka. Alisimama hivyo, na dakika zikapita.

Mama Kokoto alisukuma watu, akafika. Hakumtazama Sumaku kwanza. Alitazama chini. Aliokota tonge la tope, akalipekecha kwa vidole.

"Shemeji, umemwaga nini hapa?"

"Mchanga."

"Mchanga gani huu una moto?"

Fundi aliangalia pembeni.

"Shemeji, nitazame. Anayelia pale si mtoto wangu, ni wako. Umemwaga nini?"

"Chokaa."

"Imezimwa?"

"Haijazimwa. Magunia mawili."

Mkewe aligeuka, akamtazama. Fundi Mistari aliona heri angetukanwa.

"Acheni kusugua!" Mama Kokoto alipaza sauti. "Maji! Leteni madumu yote ya maji safi!"

"Mama, wewe ni daktari?" aliuliza mwalimu.

"Miaka kumi na tisa nakoroga chokaa. Wewe mwenzangu umekoroga nini?"

Mwalimu alikwenda kuchota maji.

"Lakini maji ndiyo yanaichemsha," alisema Fundi Mistari. "Nimeona mwenyewe."

"Maji kidogo huichemsha. Maji mengi huiondoa. Jicho lina unyevu wake, na chokaa inakula humo sasa hivi. Ukisugua, unaisaga ndani. Maziwa hapana, mafuta hapana, limau hapana. Maji safi, mengi, bila kukoma. Jirani, mlaze. Mfungue kope kwa vidole. Najua anaumia. Mfungue!"

Wanawake walisimama kwa duara, wakashika vitambaa kumsitiri. Mama alichana jezi yenye chokaa, akaitupa mbali. Walimlaza Sumaku kwa ubavu. Mama Kokoto alimimina maji taratibu, kuanzia upande wa pua kwenda upande wa sikio, ili maji ya jicho moja yasiingie jingine. Kisha wakamgeuza upande wa pili. Dumu la kwanza likaisha. La pili likaisha.

"Mpelekeni pembeni basi," alisema mwenyekiti. "Mechi iendelee. Golikipa wa akiba aingie."

Mwamuzi aliuchukua mpira, akauweka kwapani. "Aingie wapi, mwenyekiti? Humo? Mechi imekwisha."

Waliendelea kumwosha kwa nusu saa nzima. Ndani ya gari la mwalimu, waliendelea kumwosha. Waliingia hospitali wakiwa wameloa wote kama waliotoka mtoni.

Muuguzi aliendelea kuosha kwa chupa zake. Kisha alipindua ukope wa jicho la kushoto. Kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, alitoa punje nyeupe. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele.

"Nani aliwaambia mwoshe namna hii?" aliuliza.

"Huyu," mama alimwonyesha Mama Kokoto.

"Amefanya vizuri sana. Mlianza baada ya muda gani?"

Mama alimgeukia mumewe. Muuguzi alirudia swali.

"Dakika kumi," alisema Fundi Mistari. "Labda zaidi. Nilijua ni chokaa. Sikusema."

Muuguzi hakumgombeza. Alisema polepole. "Baba, chokaa haingoji mtu ajikusanye. Kila dakika inazidi kuchimba. Jicho la kulia naona litapona. La kushoto tumwachie daktari. Sitaki kukudanganya."

Bandeji zilifunguliwa baada ya siku kumi na moja. Jicho la kulia lilisoma herufi zote za ukutani. La kushoto liliona mwanga na kivuli, basi. Daktari alisema litabaki hivyo.

Nyumbani, Sumaku alikaa siku nyingi bila kuzungumza na baba yake. Siku aliyozungumza, baba alikuwa akimenya viazi.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu nilipopiga kelele?"

"Tangu ulipoanguka."

"Ungesema," alisema Sumaku.

"Nilimwogopa mwenyekiti."

"Na mimi je? Mimi hukuniogopea?"

Baba alishika kisu na kiazi. Hakumenya.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa wazazi. Fundi Mistari alisimama bila kuitwa. Alieleza yote: maji, magunia, mvuke, na dakika kumi za kunyamaza.

"Ndugu wazazi," mwenyekiti alisema, "ajali ni mipango ya Mungu."

"Mungu hakubeba gunia," alisema Mama Kokoto kutoka nyuma. "Wala hakuukataa mtaro."

Alikwenda mbele, akawaeleza. Chokaa mbichi si dawa ya tope uwanjani. Haifai hata kwa mistari. Hata iliyozimwa huunguza macho na ngozi. Mistari ichorwe kwa rangi ya maji ya ukutani. Maji ya golini yanataka njia ya kutokea, na njia hiyo inachimbwa kabla ya mvua.

Wazazi walichimba kwa Jumamosi tatu. Mtaro ulitoka golini, ukapita nyuma ya vyoo, ukaishia korongoni. Waliujaza mawe. Goli waliliinua kwa udongo na mchanga. Shimo la kona nalo lilizibwa. Lilimeza toroli ishirini na saba, na kuna wanaoapa kwamba ya ishirini na nane ilimezwa pamoja na msukumaji.

Waliweka na kanuni. Kabla ya kila mechi, mwamuzi, manahodha wawili na mtunza uwanja wauzunguke uwanja kwa miguu. Wakikuta maji golini, au mawe, au vyuma, mechi haianzi. Na pembeni ya uwanja yakae madumu mawili ya maji safi, yasiguswe kwa kunywa.

Mwaka uliofuata mashindano yalirudi. Asubuhi ya mechi mvua ilinyesha. Mwenyekiti alikuwa yule yule, na mifuko yake ya plastiki viatuni.

"Fundi, tuanze saa nne. Mgeni rasmi..."

"Hatuanzi," alisema Fundi Mistari. "Mtaro unatoa maji. Tusubiri."

"Nani kasema?"

"Mimi," alisema Sumaku. Hakuwa golikipa tena. Mpira uliotoka kushoto hakuuona. Sasa ndiye aliyetembea na baba yake kukagua uwanja, hatua kwa hatua. "Nimekagua. Golini bado kuna maji."

"Umekagua kwa jicho moja?"

"Kwa maji linatosha, mwenyekiti. Wewe unayo mawili, mbona huyaoni?"

Mwamuzi alikohoa ili asicheke. Wakasubiri. Maji yalitoka taratibu kwenye mawe, yakaenda zake korongoni. Saa nane mchana mechi ilianza.

Golikipa mpya alikuwa binti mwembamba wa kidato cha kwanza. Kipindi cha pili alijirusha miguuni kwa mshambuliaji, akaudaka mpira. Uso wake ukazama chini.

Mama Sumaku alikuwa ameshanyanyuka. Alikimbia na dumu la lita ishirini kama mtu aliyebeba kikombe.

Binti aliinuka, mpira kifuani. Alijifuta, akatema, akacheka. "Ni tope tu, mama! Siumii. Tope tu!"

Mama hakumsikiliza. Alimwinamisha kichwa, akamwosha uso, jicho hili na jicho hili, mpaka dumu likaisha. Mwamuzi alisimama na filimbi yake mkononi, akamngoja amalize.